Programu ya dola 1,500 kwa kenkayeri ya Katuba: ninunue au ningoje?

Swali: Papa, nakusalimia. Nina kenkayeri, duka la vifaa vya ujenzi, Katuba, hapa Lubumbashi, sasa ni mwaka wa sita. Nauza misumari, mabomba, nyaya za umeme, simenti, rangi. Nina vijana wawili wa kupima na kubeba, na binti wa shemeji yangu anakaa kwenye sanduku la pesa. Wateja hawakosekani, Mungu ashukuriwe, lakini kila ninapotaka kurudi kununua mali Kasumbalesa, mpakani na Zambia, au kwa wauzaji wa jumla mjini, pesa haitoshi kurudisha mali ileile niliyouza. Tena dola haziingii kama zamani, ni faranga tu. Amekuja kijana kuniuzia programu ya kuendesha duka: kompyuta, mashine ya kusoma vibandiko, printa ya risiti na mafunzo ya siku mbili, vyote dola 1,500, halafu dola 20 kila mwezi. Anasema wizi utaisha. Ninunue? – Mama wa kenkayeri, Katuba

Jibu: Usinunue bado, mama. Kijana huyo huenda ni mwaminifu na mashine zake ni nzima, lakini anakuuzia dawa kabla hajakupima homa. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya sentensi mbili ulizozitaja kama mambo mawili tofauti: pesa haitoshi kurudisha mali, na dola haziingii. Nadhani huo ni ugonjwa mmoja.

Bei zako umeziandika kwa dola, sivyo? Kenkayeri nyingi za hapa hufanya hivyo kwa kuwa mali hununuliwa kwa dola. Kisha nyuma ya binti, ukutani, kuna kikaratasi chenye kiwango cha siku. Kiwango cha siku ni jina tu. Nimeona maduka ambayo kikaratasi hicho kimegeuka njano kwa jua.

Tuhesabu, kwa namba za mfano. Kikaratasi kinasema dola 1 ni faranga 2,250. Barabarani, kambisti, yule mbadilisha pesa mwenye meza yake chini ya mwavuli, ananunua dola kwa 2,300 na kuiuza kwa 2,320. Mteja ana dola 20 mfukoni, anataka mabomba ya dola 20. Kama ana akili, na watu wa mji huu wanazo, atapita kwanza kwa kambisti, atavunja dola zake apate faranga 46,000, akulipe wewe 45,000, abaki na 1,000 ya maji ya baridi. Ndiyo sababu dola huzioni. Zinaishia kwa kambisti, mita 30 kabla ya mlango wako.

Kesho kutwa unataka dola za safari. Kambisti yuleyule anakuuzia kwa 2,320, na zile 45,000 zako zinakuwa dola 19 na senti 40. Mabomba uliyauza 20, ukapokea 19.40. Kama faida yako ndani yake ilikuwa dola 2, karibu theluthi yake imeondoka bila mtu kugusa sanduku. Ukiuza mali ya dola 300 kwa siku na kulipwa faranga, tofauti ya faranga 70 kwa kila dola ni faranga 21,000 kila jioni. Kwa siku 26 za kazi ni 546,000, yaani dola kama 235. Na programu ya kijana haitakuonesha hata senti moja ya hizo, kwa sababu kwenye vitabu vyake utakuwa umeuza dola 300 na umepokea dola 300. Kila kitu kimelingana.

Sasa neno gumu, na nalisema kwa upole maana ni mtoto wa nyumbani. Mteja mwingine hana muda wa kambisti, anaweka dola 20 mezani. Aliyekaa kwenye sanduku anaweza kuichukua noti ile, akaweka faranga 45,000 mahali pake, na jioni akaivunja nje kwa 46,000. Sanduku limelingana, risiti imelingana, mashine imelingana, na mtu amejipatia faranga 1,000 ambazo yeye mwenyewe huenda haziiti wizi. Anaita kujipanga. Simshtaki binti, simjui. Nasema tu kwamba duka lako, kama lilivyo leo, limemwachia mlango wazi, na mlango ulio wazi si kosa la mtoto.

Dawa ya hayo yote mawili haina bei. Kila asubuhi kabla ya kufungua, mtu mmoja anauliza kwa kambisti wawili, si mmoja, anauza dola kwa bei gani. Kiwango chako cha siku kinafuata hiyo bei ya kuuza, maana ndiyo utakayolipa wewe ukitafuta dola. Kinaandikwa kwa kalamu nzito pamoja na tarehe, na cha jana kinachanwa. Usikipandishe mno pia, la sivyo wateja wa faranga watahamia kwa jirani.

Na usidhani dola hupanda tu. Mwaka 2025 ilikuwa imezoea kukaa karibu na faranga 2,800, kisha kuelekea mwisho wa mwaka ikaanguka chini ya 2,500 ndani ya muda mfupi. Wenye vikaratasi vya njano walijikuta upande wa pili wa shimo: wateja wa faranga waliwakimbia, na wenye dola wakaja mbio wakinunua msumari mmoja na kudai chenji kwa kiwango ambacho kambisti hampi mtu yeyote.

La pili, kila mauzo yaandikwe kwa pesa iliyoingia kweli. Si thamani yake. Kama ilikuja noti ya dola 20, andika dola 20. Kama zilikuja dola 10 na faranga 23,000, andika hivyo hivyo, na chenji iliyotoka iandikwe kwa pesa iliyotoka. Daftari liwe na mistari ya mahali panne pesa inapolala: dola mkononi, faranga mkononi, dola kwenye simu, faranga kwenye simu, maana M-Pesa, Airtel Money na Orange Money hapa kwetu zina mfuko wa dola na mfuko wa faranga mbalimbali. Namba ya kupokelea iwe ya duka, kwenye simu inayolala dukani. Ukiruhusu wateja watume kwenye simu ya binti, hutajua kamwe kipi ni cha saruji na kipi ni cha mchumba.

Jioni hesabuni wawili, wewe na yeye, dakika 15. Asubuhi mliacha kiasi gani, kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini, mahali panne. Pasipolingana, usipige kelele, andika tofauti na tarehe. Baada ya wiki 3 tofauti hizo zitakuambia zenyewe: zinakuja siku fulani, au saa ambayo fulani anashika sanduku, au kila mnapokuwa na mteja mkubwa. Mama mmoja niliyemsaidia Kampemba aligundua hivyo kwamba upungufu wake wote ulitoka Jumamosi, na chanzo kilikuwa chenji ya haraka haraka, si mkono wa mtu.

Nakuja kwenye mali yenyewe, na hapa ndipo programu nyingi zinapovunjikia shingo. Duka la soda ni rahisi: chupa inaingia, chupa inatoka. Kenkayeri hununua kwa kipimo kimoja na kuuza kwa kingine. Katoni ya misumari inaingia kwa kilo 25, inatoka kwa kilo, kwa nusu, kwa kiganja cha yule fundi anayetaka misumari 12 tu. Waya unaingia kwa roli ya mita 100 na kutoka kwa mita. Kibandiko cha kusomwa na mashine utakibandika wapi kwenye mita 4 za waya?

Niliwahi kuingia kwenye duka moja la hapa mjini, mwenyewe analia kwamba roli zake hazifiki mita 100, muuzaji wa jumla anamwibia. Kwenye meza vijana walikuwa wamegongomea misumari miwili kuwa alama ya mita. Nikatoa futi. Kutoka msumari hadi msumari: sentimita 103. Aliyeigongomea alikosea kupima, na hakuna aliyewahi kuhakiki. Kila mteja aliyenunua mita alipewa sentimita 3 za zawadi, na roli ya mita 100 ikawa inauzika kama 97. Ongeza na mbasela, ile nyongeza ambayo kila mnunuzi wa hapa huidai, na kijana anayevuta waya kwa ukarimu, umepata mwizi wako. Muuzaji wa jumla hakuwa na kosa. Basi kesho nunua futi ya chuma, pima meza yako, na weka jiwe la kilo 1 la kujaribia mzani kila Jumatatu. Mbasela usiikataze, hutaweza na wateja watakununia. Iweke kwenye bei.

Kuhesabu mali yote dukani kila wiki ni ndoto, usijaribu. Chagua vitu 20 vinavyokuletea pesa nyingi zaidi, vihesabu kila Jumapili baada ya ibada au Jumatatu alfajiri. Vingine mara moja kwa miezi mitatu. Katika duka la namna yako, vitu hivyo 20 ndivyo vinavyobeba karibu fedha yote, na kama kuna kinachopotea kwa kupangwa, kitapotea humo. Hakuna anayeiba boliti.

Halafu majina. Hapa nikiri kosa langu. Miaka ya nyuma nilimwekea mimi mwenyewe programu mfanyabiashara wa Kamalondo, nzuri, nikalipwa, nikaondoka kifua mbele. Baada ya miezi minne napita, naikuta printa imefunikwa kitambaa cha maua na kaye, lile daftari la mkono, iko palepale, imechafuka vidole. Nikafungua orodha ya mali. Kulikuwa na robine ya nusu, robinet 1/2, lobine ndogo, na bomba la maji dogo, vyote kitu kimoja kilichoingizwa na watu wanne. Cha kwanza kilikuwa na hesabu ya kutoa 37. Nani angeamini mashine inayosema tuna mabomba pungufu ya sifuri? Mimi niliingiza majina ya katalogi. Vijana wanauza kwa majina ya mtaani. Kabla ya mashine yoyote, kaa na vijana wako wawili na kaye mpya, andikeni kila kitu jina moja, lile ambalo wao wanalitamka wakiitana kutoka mwisho wa duka. Kando yake andika kipimo cha kununulia, kipimo cha kuuzia, na bei uliyonunulia mara ya mwisho kwa dola. Hiyo kazi itakula wiki mbili. Hakuna muuzaji wa programu atakayekufanyia, na bila hiyo dola 1,500 zinanunua kitambaa cha maua.

Orodha ikikamilika, iingize kwenye simu. Jedwali la kawaida la Excel au Google linatosha kwa kuanzia: tarehe, kitu, kiasi, dola iliyoingia, faranga iliyoingia, simu, aliyeuza. Linaandikwa hata mtandao ukikatika, mradi uliandae hivyo mapema. Endesheni siku 30. Mwisho wa mwezi utajua mambo ambayo kijana wa programu hakukuuliza: una mauzo mangapi kwa siku, vitu vingapi kweli, na kama binti anaweza kuandika huku wateja watano wamesimama. Kama mauzo ni 40 kwa siku, jedwali na daftari vinatosha kwa miaka. Yakiwa 150, mkono hautaweza, na hapo programu inaanza kulipia nafasi yake.

Kuhusu mafunzo, ile siku mbili ndiyo iliyonichekesha, samahani. Siku mbili za kukaa mbele ya kompyuta mkioneshwa vifungo, wiki ijayo mmebaki na vitatu kichwani. Na mara nyingi anayefundishwa ni mwenye duka, kwa heshima, wakati atakayegusa mashine ni mwingine. Ukinunua siku moja, dai saa moja kila asubuhi kwa wiki mbili, dukani kwako, kwa mauzo ya kweli ya jana, na mwanafunzi wa kwanza awe binti, wa pili mmoja wa vijana. Wewe jifunze kitu kimoja tu: kusoma ripoti ya jioni na kuilinganisha na sanduku. Na awamu moja ya mafunzo iwe siku ya kuhesabu mali mwisho wa mwezi, kwa kuwa hapo ndipo makosa yote hujitokeza kwa pamoja, na mwalimu anapaswa kuwepo aone aibu yake.

Madeni, au nyongo kama tunavyosema hapa. Watu wa pwani wakisikia nyongo wanafikiri ile chungu iliyo kwenye ini, na sidhani tumekosea. Fundi akichukua mali kwa nyongo, mtumie palepale ujumbe wa WhatsApp wenye vitu, kiasi, sarafu na siku ya kulipa, naye ajibu «ndiyo» kabla mzigo haujatoka. Sarafu usiisahau: deni la dola lilipwe dola au kwa kiwango cha siku ya kulipa, vinginevyo unamkopesha mara mbili. Sheria ya kidijitali ya Kongo ya Machi 2023 inatambua maandishi ya kielektroniki, kwa hiyo ujumbe huo si maneno ya hewani. Kwenye simu ya duka weka WhatsApp Business, utenganishe wateja kwa lebo, na uwashe ile namba ya siri ya tarakimu 6 ya hatua ya pili. Bila hiyo, anayefanikiwa kukulaghai umpe msimbo unaokuja kwa ujumbe anaondoka na duka lako.

Kodi nitapita haraka. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na kanuni zake za hesabu zinamruhusu mwenye biashara ndogo kutumia mfumo mwepesi wa pesa iliyoingia na iliyotoka, pamoja na hesabu ya mali na madeni mwisho wa mwaka. Ukitazama vizuri, lile daftari la mahali panne ndilo hilo hilo. Karatasi zake zinatunzwa miaka 10. Kwa hiyo usitupe kaye za zamani ukinunua kompyuta, na programu utakayochukua iweze kumpa mhasibu wako jedwali analoweza kulifungua.

Amebaki huyo kijana, maana sikutaka kumharibia biashara. Mwambie arudi baada ya siku 30, aje Jumamosi saa 4 asubuhi, duka likiwa limejaa, na afanye mambo manne mbele yako. Aingize katoni moja ya misumari ya kilo 25, auze kilo 3 na nusu, apokee kilo 1 iliyorudishwa. Mashine iseme zimebaki kilo 22 na nusu, bila yeye kushika kikokotoo. Amhudumie mteja wa mali ya dola 13 anayelipa noti ya dola 20 na kurudishiwa noti ya dola 5 pamoja na faranga za dola 2, kisha akuoneshe kwamba mashine inajua kuna noti ipi ndani ya sanduku. Achomoe waya wa umeme katikati ya mauzo, tuone kinachobaki, kwa kuwa umeme wa Katuba unaujua kuliko mimi. Na mwisho akutolee mali yako yote na mauzo yako yote kwenye faili moja la Excel, uiweke kwenye simu yako, aone jinsi utakavyoondoka siku mkikosana.

Akishindwa la tatu tu, msikilize bado: betri ya kuhimili dakika 20 inanunulika. Akishindwa la pili, mpe maji anywe aende, maana hilo ndilo ulilonililia. Akiyaweza yote, nunua programu kwake, lakini kompyuta na printa ulizia bei kwingine kwanza. Sehemu ya malipo izuie hadi hesabu ya mali ya mwezi wa kwanza ikamilike yeye akiwepo, na hayo yaandikwe kwenye karatasi yenye sahihi zenu wote wawili.

Na kile kikaratasi cha ukutani, mama, kichane leo jioni.